Darubini ya Kuwinda Mwezi

Baba yangu alitaka darubini ya kuwinda. Hakutaka darubini yoyote tu, alitaka ya kuwinda. Alitangaza hivyo wakati wa futari, mwanzoni mwa Ramadhani, kikombe cha uji kikiwa mkononi, na sote mezani tukajua kazi hiyo itaniangukia mimi. Ndugu zangu wa kiume wana kipaji cha kutoweka kazi inapotajwa. Mmoja alikumbuka simu aliyopaswa kupiga. Mwingine alikumbuka sala, na hilo lilimshangaza hata mama.

Sasa, Kenya hakuna anayewinda. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, na mtu akionekana akimnyatia hata paa kwenye msitu wa Nyandarua, ataenda kueleza mbele ya hakimu. Lakini Baba alikuwa mwindaji, au tuseme alikuwa macho ya mwindaji. Katika ujana wake alifanya kazi na tajiri mmoja mzungu aliyekuwa akiongoza misafara ya kuwinda ng'ambo ya Nanyuki. Kazi ya Baba ilikuwa kufuata nyayo na kubeba darubini. Mwenyewe hakuihitaji. Angemwona mnyama kwa macho matupu, amesimama kwenye kivuli mahali ambapo tajiri haoni ila vichaka, kisha angevua ule mkanda shingoni na kusema, "Shika, tajiri. Angalia pale." Hadithi hiyo tumeisikia hata tunaweza kuisimulia usingizini, pamoja na mahali pa kucheka.

Marufuku ilipokuja, Baba aliteremka Nyeri mjini akafungua bucha, akasimama nyuma ya kaunta mpaka magoti yalipogoma. Macho yake, hata hivyo, yalipata kazi nyingine. Kila jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Waislamu wachache wa mji wetu walipanda naye mwinuko mmoja juu ya mtaa wa Skuta, ambapo upande wa machweo uko wazi, ili kuutafuta mwezi mwandamo. Ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, tunafunga siku moja zaidi. Kutafuta mwezi Nyeri si mchezo. Milima ya Nyandarua imesimama upande huo kama ukuta, na ule mwezi mchanga, mwembamba kama ukucha uliokatwa, hukaa dakika chache tu kabla ya kumezwa. Ukiongeza ukungu wetu, utaelewa kwa nini watu walikuwa wakimtazama Baba badala ya kutazama mbingu. Baba akisema ameuona, umeonekana.

Siku hizi tangazo la mwezi kutoka Nairobi linaingia kwenye simu kabla hujamaliza kutafuna tende, na kuna wanaosema kupanda kilima ni kujichosha bure. Baba hakujali. Kilichomuumiza ni jambo lingine. Kwa Ramadhani mbili mfululizo alipanda, akatazama, akashuka akisema ni mawingu. Mara ya kwanza kila mtu alikubali. Mara ya pili, mshonaji viatu wa pale karibu na soko alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake na akasema ameuona, tena wazi. Baba akasisitiza ni mawingu. Tangazo likaja, na mshonaji viatu ndiye aliyekuwa sahihi. Hakuna aliyesema neno mbele ya Baba, ila mimi nina duka la mapazia, na dukani watu huongea huku wakipima vitambaa. Nilisikia mteja akimwambia mwenzake kwamba yule mzee nusura atufungishe siku ya Idi, ambayo kuifunga ni haramu. Nilimkatia kitambaa chake bila kutabasamu na sikumpa hata inchi ya nyongeza.

Kwa hiyo nilielewa darubini ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya kumrudishia neno lake. Mwaka huu angepanda tena, na kama angekosa mara ya tatu, asingepanda tena maishani. Hakulisema hilo kwa mdomo, lakini mimi ni mtoto wake na najua anavyonyamaza.

Nilianza kwa kosa, na kosa lenyewe lilinijia dukani kwa miguu yake. Mchuuzi mmoja alipita na kapu la redio, tochi na vifaa vya kunyolea, na katikati yake darubini kubwa nyeusi yenye maandishi ya dhahabu. Alisema inavuta mara hamsini. Aliapa kwamba ukiielekeza mlimani utaona wapandaji wakinywa chai. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na bado nikanunua. Mtu mwenye saumu ya mchana hana budi kusamehewa baadhi ya mambo.

Jioni niliijaribu nikiwa kwenye roshani. Loo. Mtu akivuta mara hamsini anavuta pia mtetemo wa mikono yake mara hamsini. Mlima ulicheza ngoma. Tanki la maji la jirani likawa linaruka kama mbuzi. Nikajaribu kuituliza juu ya ukingo, nikaishia kutazama kamba ya nguo na dirisha la jikoni la nyumba ya ng'ambo, na mwenye dirisha akatokea kwenye kioo cha darubini, mkubwa kama basi, mikono kiunoni. Aliuliza nimepoteza nini jikoni kwake. Nikasema natafuta mwezi.

"Macho hayana pazia, najua," alisema. "Lakini wewe si unauza?"

Nilimpelekea sambusa kesho yake, yakaisha. Darubini nilimpa Baba. Hakuiinua hata usoni. Aliipima uzito kwenye kiganja, akaitikisa sikioni, tukasikia kitu kikicheza ndani kama mbegu kwenye kibuyu. Akanirudishia. Alisema hicho ni kitu cha kuchezea, na kwamba darubini haichaguliwi na mtu ambaye hajawahi kulala porini. Twende Nanyuki, akasema, twende pamoja. Nikamjibu kwamba kama alijua hivyo angesema kabla sijatoa pesa zangu, na mama akaniambia nichunge ulimi, ni Ramadhani.

Tulikwenda alasiri na gari langu, majora ya vitambaa yakigongana nyuma. Tulipofika Naro Moru mlima ulikuwa umejifunua wote, theluji kidogo iliyobaki ikimetameta upande wa kulia. Nikamwambia, "Baba, leo mlima uko wazi." Akasema anauona. Alikuwa ametazama mbele, barabarani. Nilidhani ni uchovu wa saumu.

Muuzaji niliyeelekezwa ana kibanda cha vitu vilivyoachwa na wapanda mlima na watalii: mahema, buti, mifuko ya kulalia, majiko madogo ya gesi. Nilimwamkia na kumwambia tunatafuta darubini ya kuwinda. Alinitazama, akaenda mlangoni, akachungulia barabara pande zote mbili, akarudi.

"Mama, hapa hakuna kitu kama hiyo," alisema polepole. "Niko na za kuangalia ndege."

"Za ndege ni sawa," Baba akasema. "Lakini sisi tunawinda."

"Mnawinda nini, mzee?"

"Mwezi."

Yule bwana alikuwa na mswaki wa mti mfukoni mwa shati, ishara kwamba naye amefunga. Alicheka hadi akaegemea rundo la buti, na kuanzia hapo tukawa ndugu. Alitoa darubini tatu akazipanga juu ya hema lililokunjwa. Moja ilikuwa ndogo ya kuingia mfukoni, bei yake ya kirafiki. Moja ilikuwa ya bei ambayo sitaitaja mbele ya mama. Ya tatu ilikuwa ya katikati, ya kijani, imekwaruzwa pembeni, mpira wake umelika kidogo mahali ambapo mikono ya mtu mwingine ilikuwa ikishika. Ilivuta mara nane tu. Nikauliza kama nane si kidogo, mimi niliyetoka kwenye hamsini. Baba akasema nane inamtosha mtu mwenye mikono inayotetemeka, na kila mtu mikono yake hutetemeka, ila wengine hawajui. Kilicho muhimu, alisema, ni vioo vya mbele viwe vipana, maana vinakusanya mwanga, na mnyama mzuri hutoka wakati mwanga unaondoka.

Nilitaka kuzijaribu pale pale, jua likiwa kali, nilipe, turudi nyumbani kufuturu. Baba akakataa. Mchana kila darubini ni nzuri, akasema, hata ile yako ya hamsini ingependeza. Akavuta kiti cha kambi akaketi kibarazani, akafunga macho, na mimi nikakaa juu ya mifuko ya kulalia nikihesabu dhambi zangu. Muuzaji alipaswa kufunga kibanda. Badala yake alitandika mkeka.

Adhana iliposikika tulifuturu hapo hapo kwa tende zangu na chai yake ya tangawizi. Kisha Baba akainuka. Alichukua darubini moja baada ya nyingine. Alizitikisa sikioni. Alizungusha gurudumu la katikati kwa kidole kimoja, taratibu, akisikiliza kama kuna mchanga. Alipulizia pumzi kwenye vioo akavigusa kuona kama unyevu umeingia. Halafu, kila moja, alinipa mimi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uwanja ambapo wafanyabiashara wa mifugo hufunga ng'ombe wao, na giza lilikuwa limeanza kuwafuta.

"Kuna ng'ombe mwenye alama sikioni," alisema. "Niambie ni alama gani."

Kwa ile ndogo niliona uji mweusi wenye miguu. Kwa ile ya bei mbaya niliona sikio, na kwenye sikio mkato wa pembetatu. Kwa ile ya kijani niliona sikio lile lile na mkato ule ule, na kope za ng'ombe, na kupe mmoja aliyejishikiza karibu na jicho. Nilimweleza yote. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, akauliza maswali: pembe zimeinama upande gani, ule weupe tumboni unaanzia wapi. Nilifurahi mno. Nilidhani ananifunza kuona, kama alivyofunzwa yeye, na nikajiona mtu wa maana sana.

"Hii ya katikati," Baba alimwambia muuzaji. "Ile ingine ni ya kuwinda tembo. Mwezi haina haja."

Tulirudi Nyeri nikiimba. Sasa nikikumbuka, jioni yote ile sikumwona akiweka darubini hata moja machoni.

Siku zilizofuata aliivaa shingoni nyumba nzima, mama akisema kumbe yeye ameolewa na askari wa wanyamapori. Msikitini habari zilienea kwamba mzee amejipatia mtambo. Kuna waliocheka, kuna waliouliza kama mwezi ulioonwa kwa kioo unahesabiwa, na imamu, ambaye ni mtu mpole mwenye duka la vipuri, akasema darubini itafute, macho yathibitishe, na mabishano yakaisha hapo.

Jioni ya ishirini na tisa ikaja, na mbingu ilikuwa safi kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani nilichukia mbingu safi. Tangu asubuhi nilikuwa nikitoka dukani kutazama juu, nikitumaini hata kawingu kamoja, maana wingu ni kisingizio, na nilikuwa nimeanza kuogopa. Sikujua naogopa nini hasa. Labda ni kule kumwona asubuhi hiyo akimimina maji ya udhu kwa kugusa ukingo wa birika kwanza kwa kidole.

Tulipanda kabla rangi ya machungwa haijakolea mbinguni. Imamu alikuwapo, na mshonaji viatu, na wanaume wengine kadhaa, na mimi niliyekuja kama dereva na hakuna aliyenifukuza. Baba alisimama mbele yetu. Alitukataza kuinua darubini mpaka jua lizame lote, kwa kuwa kioo kile kikishika jua kinachoma jicho. Likazama nyuma ya Nyandarua. Kila mtu alikula tende moja.

Kisha akainua darubini machoni, na akatazama.

Alitazama kwa muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama nilivyouwazia katika hadithi za porini. Alizungusha gurudumu huku, akalirudisha kule. Nyuma yake watu walianza kubadilisha miguu. Mshonaji viatu alikuwa amekunja uso, naye bado hajauona, na nilimwona akimtazama Baba zaidi kuliko anavyotazama milima. Ingetosha kwa Baba kusema "huo pale." Tangazo lingekuja baadaye, na kwa mbingu ile kila mtu alijua litasemaje. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa najiambia sema, Baba, sema tu, na wakati huo huo nilikuwa nikimwomba Mungu asiseme.

Akashusha darubini.

"Sijauona," alisema. Akageuka ili wote wamsikie. "Na si mawingu. Mwaka jana pia haikuwa mawingu. Ni macho yangu."

Mshonaji viatu akatazama chini. Nilimwonea Baba fahari na huruma kwa pamoja, sikujua ipi ilikuwa kubwa. Macho hayana pazia, husema watu, lakini ya Baba yalikuwa nalo, na mimi muuza mapazia nililala nalo nyumba moja miaka miwili bila kuliona.

Alivua mkanda shingoni, akaupitisha kichwani mwangu, ukakwama kwenye mtandio, akaunyoosha.

"Shika, tajiri," alisema. "Angalia pale."

Akanyoosha mkono. Hakuwa anaona, lakini alikuwa amehesabu mahali jua lilipoingia, akapima juu yake na kuvuta kidogo kushoto, kama alivyofanya jioni nyingi kabla hajanizaa. Niliinua darubini nikafuata kidole chake. Mikono ilitetemeka, lakini nane ni nane. Niliona ukingo wa Nyandarua, mti mmoja mmoja. Niliona anga ya rangi ya papai. Na juu ya kidole cha baba yangu, palepale kilipoelekea, niliuona.

"Nimeuona," nikasema.

"Pembe zake?"

"Zinaangalia juu. Zote mbili. Umelala chali."

"Ya kulia na ya kushoto ziko sawa?"

"Ya kushoto imeinuka kidogo."

"Uko umbali gani na mlima?"

"Kidole. Kidole kimoja cha mkono ulionyooka."

Akashusha pumzi. "Ndiyo huo," alimwambia imamu. "Harakisheni, unazama."

Wakasogea. Imamu akachukua darubini, akauona, akampa mshonaji viatu, naye akauona, na wote wawili walipojua pa kutazama, wakauona pia kwa macho matupu, mwembamba kama uzi mweupe. Takbira ikaanza. Watu walikumbatiana. Mshonaji viatu alimshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia upesi, akamwuliza kama mwaka ujao atapanda tena.

"Nitapanda," Baba akasema. "Huyu ataona. Mimi nitamuuliza maswali."

Wengine waliteremka haraka, wake zao walikuwa wakingoja habari ili waanze kukanda unga. Sisi tulibaki nyuma. Njia ni ya mawe, na sasa kwa kuwa yote yalikuwa yamesemwa, hakujifanya tena. Aliweka mkono begani mwangu. Alisema nimpeleke kwa daktari wa macho Idi ikiisha, labda ni mtoto wa jicho, wanasema siku hizi hutolewa na unarudi nyumbani jioni hiyo hiyo. Nikamwambia tungeenda miaka miwili iliyopita kama asingekuwa mkaidi. Akasema ukaidi tumeurithi kwa mama yake, ambaye mimi nimepewa jina lake, kwa hiyo ninyamaze.

Kisha akauliza, "Mama, bado uko?"

Niligeuka kutazama. Nyandarua ilikuwa imeumeza.

"Umeshazama, Baba."

"Sawa," akasema. "Tembea polepole."

Darubini ilikuwa ikinigonga kifuani kila hatua. Mkono wake ulikuwa mzito begani, na sikutaka tufike chini haraka.